Kigari cha gofu: uliza betri kwanza, viti baadaye

Maswali ya safari hii yametoka hotelini, shambani, kwenye mitaa yenye geti, na kwa watu wawili watatu wanaocheza gofu kweli. Nimeyafupisha. Aliyeandika "kipi kizuri?" bila kusema atakiendesha wapi, kilomita ngapi kwa siku na nani atakuwa anakichaji, barua yake bado iko mezani ikisubiri nusu ya pili.

Kigari cha gofu kilichotumika ni bei gani? (Msomaji, Dodoma)

Chenye betri za mwaka gani? Vigari viwili vya mwaka mmoja, rangi moja na viti vilevile vinaweza kupishana thamani kwa bei ya seti nzima ya betri. Uliza dukani seti mpya inauzwaje, itoe kwenye bei uliyotajiwa, kisha anza kupatana.

Nina hoteli ndogo Paje, vyumba kumi na viwili, njia ni mchanga na matumbawe. Nichukue Club Car, E-Z-GO au Yamaha?

Kwa Paje, Nungwi, Diani na kokote ambako upepo unakuja na chumvi, anza na fremu. Club Car hutumia fremu ya alumini. E-Z-GO na Yamaha hutumia chuma kilichopakwa rangi. Ukiwa Dodoma au Nakuru tofauti hiyo unaweza kuisahau, lakini ukiwa mita mia kutoka baharini ndiyo inayoamua kigari kitadumu miaka mingapi. Hata hivyo, usiambiwe kwamba Club Car haipati kutu. Springi za nyuma, mhimili wa mbele, ngoma za breki na boliti zake ni chuma kama za wenzake, na boliti ya chuma ikikaa ndani ya alumini kwenye unyevu wa chumvi, alumini inayoizunguka huliwa ikawa unga mweupe. Tandika kanga, lala chini, angalia.

Kwenye E-Z-GO na Yamaha kutu ya hatari haianzii pale inapoonekana. Inaanzia chini ya betri. Wakati wa kuchaji, betri za maji, yaani za madini ya risasi na tindikali, hurusha matone ya tindikali, nayo hutiririka kwenye trei na kula rangi. Inua kiti, chukua bisibisi, bonyeza pembe za trei na pale fremu inapopita chini yake. Bisibisi ikizama, aga uende zako. Na ukikuta chini pamepakwa rangi nyeusi mpya huku juu ni rangi ya zamani, jua kuna kitu kimefunikwa.

Kuhusu matoleo: Club Car DS ni ya kale na haina makuu. Precedent ilikuja mwaka 2004. E-Z-GO TXT fundi yeyote mwenye mita na akili timamu anaimudu. RXV, iliyotoka 2008, ina mota ya AC na breki ya sumaku inayoshika yenyewe kigari kikisimama. Mlimani ni raha, ila breki hiyo ikifa kigari hakisogei hata mkisukuma watu watano, na fundi wa bajaji hatakuokoa. Yamaha Drive ya 2007 na Drive2 ya 2017 sina ugomvi nazo zaidi ya huo wa fremu.

Hukuuliza, lakini nakuonya: kila kigari kikitoka ufukweni kioshwe kwa maji ya bomba, kwa mpira wa kawaida. Mwondolee kijana wa bustani ile mashine ya presha. Ikielekezwa chini ya kiti inasukuma maji hadi kwenye kontrola, kile kisanduku kinachopimia mota umeme, na kontrola ikishaingia maji ya chumvi hairudi.

Volti 36 au 48?

48. Kwa kazi ileile, volti zikiwa chache ampia huwa nyingi, na ampia ndizo zinazochoma nyaya, solenoidi (swichi kubwa ya umeme) na kontrola. Kama muuzaji hajui anachouza, fungua kiti uhesabu matundu ya kutilia maji: 18 ni kigari cha 36, 24 ni cha 48. Seti ya 48 huja kwa namna tatu: betri nane za volti 6, sita za volti 8, au nne za volti 12. Sita za 8 ndizo za kawaida. Nane za 6 hubeba umeme mwingi zaidi, kwa mfano, kwa betri za kampuni ya Trojan, T-105 ya volti 6 ni ampia-saa 225 wakati T-875 ya volti 8 ni 170. Nne za 12 hupendwa kwa sababu ni chache kununua, na kwa kupanda vilima vya kutwa ndizo za kwanza kulalamika.

Shikamoo. Muuzaji ananihakikishia betri ni mpya kabisa. Nitamwamini vipi?

Marahaba. Usimwamini, pima. Kazi hii inachukua saa moja na vifaa viwili vya bei ndogo: mita ya umeme ya mkononi na haidromita ya kunyonyea maji ya betri. Asiyetaka upime anataka kukuuzia mbuzi kwenye gunia.

Anza na tarehe. Betri nyingi za vigari hivi hugongwa herufi na tarakimu kwenye madini ya risasi ya kichwa chake, pale waya unapofungwa: herufi ni mwezi, A ikiwa Januari na L ikiwa Desemba, na tarakimu ni ya mwisho ya mwaka. C3 ni Machi ya mwaka unaoishia na 3. Angalia zote. Ukikuta nne ni za mwaka mmoja na mbili ni za mwaka mwingine, hiyo si seti tena, ni mkusanyiko.

Halafu mwambie akichaji usiku kucha, achomoe asubuhi, na kisiguswe kwa saa sita hivi. Betri iliyotoka kwenye chaja sasa hivi hudanganya, husoma juu kuliko ukweli. Pima kila betri peke yake. Ya volti 8 iliyojaa na kutulia husoma karibu 8.5, ya volti 6 husoma karibu 6.37, na seti nzima ya 48 hufika karibu 51. Hapa ndipo wengi wanapoliwa. Mita inaonyesha 48.4, mnunuzi anafurahi kwamba "arobaini na nane imetimia", kumbe seti hiyo iko nusu. Kama imechajiwa usiku kucha na bado iko nusu, imekufa au chaja imekufa. Vyovyote iwavyo, ni gharama yako.

Kisha haidromita. Tundu lililojaa husoma karibu 1.277, lililo nusu 1.172. Namba ndogo yenyewe haitishi sana kama matundu yote 24 yanakwenda pamoja. Inawezekana hakikuchajiwa vya kutosha. Kinachotisha ni tundu moja kubaki nyuma ya wenzake kwa 0.05 au zaidi. Hilo ni seli mbovu na litaiburuza betri nzima. Vaa miwani na glavu, na usivae shati unalolipenda.

Mwisho, mzigo. Betri iliyochoka inaweza kusoma vizuri ikiwa imepumzika na kuporomoka ikiombwa kazi. Tafuta kilima, pandeni watu wawili wazito, mmoja akanyage mafuta hadi mwisho, mwingine ashikilie ncha za mita kwenye betri moja baada ya nyingine, kilima kile kile kila mara. Zote zitashuka, hiyo ni kawaida. Ile inayoshuka nusu volti chini ya wenzake ndiyo mgonjwa.

Muuzaji akisema hakuna kilima karibu, mwambie akitumie kuvuta kigari kingine kwenye tambarare. Akikataa na hilo, umeshapata jibu.

Betri moja kati ya sita imekufa. Nikinunua moja tu?

Hapana. Swali hili hurudi kila mara, na jibu halijabadilika. Betri zimeunganishwa mfululizo, ampia zilezile zinapita kwa zote. Mpya ikiwekwa katikati ya wazee watano, wao huisha mapema na yeye hulazimika kufuata, na chaja nayo humchaji kwa kipimo cha wale wazee. Baada ya miezi michache una betri sita za kizee, moja ikiwa na risiti mpya. Isipokuwa seti yako haijamaliza miezi sita tangu inunuliwe, badilisha zote, za aina moja na za mwezi mmoja. Kama mfuko hauruhusu, tafuta iliyotumika ya umri ule ule uweke hapo kwa muda, lakini anza kuweka akiba leo.

Fundi anasema N70 nne za gari zinatosha kabisa. Na jirani ana betri za sola za jeli amenipa kwa bei nzuri.

N70 ni ya kuwashia gari. Sahani zake ni nyembamba ili zitoe ampia nyingi kwa sekunde tatu, kisha altaneta izijaze tena. Kigari cha gofu kinanyonya ampia 50 hadi 80 tambarare kwa nusu saa nzima, na zaidi ya 200 kikipanda. Utaendesha kwa miezi kadhaa kisha utamtafuta fundi huyo, naye atakuwa amebadilisha namba ya simu.

Za sola za jeli ni suala jingine. Zinastahimili kuisha, hilo kweli, lakini zimetengenezwa kutoa umeme polepole kwa saa kumi au ishirini, si kwa pupa ya kilima. Pia chaja ya kigari imepangwa kwa betri za maji: mwishoni hupandisha volti juu ili maji yachemke na kujichanganya. Jeli ikichemka haina tundu la kuongezewa maji. Hupasuka ndani na kubaki hivyo. Waachie jirani taa zake.

Nimeona vigari kwenye mnada wa mtandaoni Marekani, bei karibu ya bure. Kuna ubaya gani? (Mombasa)

Kuna chaja. Watu wanakagua viti, tairi na hata redio, halafu mzigo unafika Kilindini na chaja iliyoandikwa 120V 60Hz. Sisi tuko kwenye volti 230 hadi 240 na mzunguko wa 50. Anayekuambia nunua tu transfoma ya kushusha volti amejibu nusu ya swali. Chaja za zamani, zile nzito zinazonguruma, zina transfoma iliyotegwa kwa mzunguko wa 60. Ukiipa 50, volti zinazotoka hushuka karibu kwa uwiano uleule, sita kwa tano. Chaja iliyotakiwa kumalizia kwenye volti 62 itaishia 52 hivi. Itanguruma usiku kucha, taa zake zitawaka, na betri hazitajaa hata siku moja. Betri isiyojaa hugandisha salfeti kwenye sahani zake, na mwaka hauishi utaanza kulaumu betri.

Chaja nyepesi za kisasa zenye mapezi ya kupozea au feni nyingi hupokea volti 100 hadi 240 na mizunguko yote miwili. Omba picha ya kibandiko cha chaja kabla ya picha nyingine yoyote. Kama ni ile nzito, weka bei ya chaja mpya kwenye hesabu na hiyo uiache huko huko, isikulie nafasi kwenye kontena. Vilivyotoka Dubai, Afrika Kusini au Uingereza havina tatizo hili, umeme wao ni wa mzunguko wa 50 kama wetu.

Pili, mwaka. Muuzaji ataandika mwaka anaoupenda. Kwenye Club Car soma namba ya mlolongo: herufi za toleo, kisha tarakimu mbili za mwaka, mbili za wiki. PH0910 ni Precedent ya 2009, wiki ya kumi. Kwenye E-Z-GO tafuta msimbo wa kiwanda. Tarakimu zake mbili za mwisho ni mwaka. Kwenye Yamaha herufi zinazoanza na J zinataja toleo, na mwaka unautafuta kwenye jedwali la kampuni. Na usishangae wakala wa forodha akidai namba ya chesisi ya tarakimu 17 asiione. Kigari cha gofu cha kawaida hakina. Inayo aina ile ya mwendo mdogo iliyoruhusiwa barabara za Marekani tangu 1998, yenye taa, vioo na mikanda. Mpe wakala namba ya mlolongo na picha yake mapema, mzigo ukiwa bado baharini.

Tatu, ushuru haukokotolewi kwenye bei ya mnada. Unakokotolewa kwenye bei pamoja na bima na nauli ya meli, na VAT inakuja juu ya hayo yote pamoja na ushuru wenyewe: 16 kwa mia Kenya, 18 Tanzania Bara. Kifungu cha forodha ni 8703.10, kilichotaja magari ya gofu kwa jina. Wakala akikuandikia kifungu kingine, muulize sababu kabla hajawasilisha. Vile virefu vya kutembezea watalii, vikifika watu kumi pamoja na dereva, vinahamia 8702.

Betri za zamani za maji zikisafiri baharini wiki sita bila kuchajiwa hufika nusu maiti. Ukiweza, nunua bila betri.

Cha China kipya au cha Marekani kilichotumika?

Inategemea nani atakuwa na vipuri miaka minne baadaye. Kigari kipya cha China kinaweza kuwa kizuri kabisa; viwanda ni vingi na ubora umetawanyika kama mchele uliomwagika. Kabla hujatuma hata senti ya malipo ya awali, taka majina matatu kwa maandishi: kontrola ya nani, mota ya nani, chaja ya nani. Kontrola ikiwa Curtis, kuna mafundi wanaoijua na kifaa cha kuisoma. Ikiwa haina jina, siku ikifa utaagiza kigari kizima. Hakikisha tairi ni 18x8.50-8 au saizi nyingine inayouzwa kokote. Na katika oda ya kwanza ingiza kontrola moja ya akiba, solenoidi mbili, swichi ya kanyagio, nyaya za breki na seti ya bushi za mbele. Vitu hivyo kwenye kontena lako ni mzigo mdogo. Ukivihitaji kimoja kimoja kwa ndege, ndipo utakapoelewa maana ya rahisi ghali.

Klabu yetu inauza vigari vyake vyote kwa pamoja. Ni bahati?

Inaweza kuwa. Vimetembea kwenye nyasi, vina daftari la matengenezo, na ukinunua viwili vinavyofanana unapata vipuri vya kubadilishana. Ila jiulize kwa nini vinauzwa sasa: klabu nyingi huachana na vigari betri zinapokaribia kuisha, si zinapokuwa zimeisha. Nunua kama havina betri kabisa na ulipe hivyo.

Angalia pia usukani, maana klabu hazivihurumii. Inua mbele kwa jeki, shika tairi juu na chini, tikisa. Likicheza, kingpini (pini ambayo gurudumu hugeukia) na bushi zimekwenda. Breki nazo, kwenye vigari vingi, ziko magurudumu ya nyuma tu. Fungua ngoma moja.

Nina shamba la chai Limuru, vilima vingi, umeme unakatika. Petroli au betri?

Kwa maelezo yako, petroli, na siyo rahisi kwangu kuandika neno hilo. Shamba linalotaka zaidi ya kilomita 40 kwa siku kwenye vilima, bila umeme wa uhakika usiku, litaua seti ya betri za maji kabla hujamaliza kuilipia.

Lakini jua unachonunua. Injini ni ya silinda moja au mbili, kuanzia cc 286 ya Kawasaki kwenye Club Car za zamani hadi cc 357 ya Yamaha na 401 ya E-Z-GO. Haina kiki, na ufunguo wake hauzungushi injini kama wa gari: unakanyaga kanyagio, mashine moja inayofanya kazi ya stata na jenereta inaizungusha, ukiachia inazima. Kwa hiyo ina mikanda miwili, wa stata na wa kuendeshea, na wote wawili ni vipuri vya kuwa navyo stoo. Mkanda wa kuendeshea ukianza kung'aa pembeni na kigari kinapiga kelele kikiondoka bila kukaza mwendo, umeisha. Oili hukaa kama lita moja tu, kwa hiyo kupungua robo lita ni jambo kubwa. Kagua kila wiki. Na Limuru iko juu, zaidi ya mita 2,000; injini ya kabureta hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake hapo. Usichukue ile ndogo.

Petroli ikikaa miezi kwenye tanki huacha gundi kwenye kabureta. Nusu ya vigari vya petroli vinavyouzwa kama "vina shida ndogo ya kuwaka" vina shida hiyo, na nusu nyingine vina shida kubwa.

Lithiamu ina faida, au ni fasheni?

Ina faida, na ina wauzaji. Betri sita za volti 8 zina uzito wa kilo 170 na kidogo. Pakiti moja ya lithiamu chuma fosfati, volti 51.2 na ampia-saa 105, ina kilo 50 hivi. Umepunguza mtu mmoja na nusu kwenye kigari. Kwenye karatasi, seti ya betri za maji ina kilowati-saa 8, lakini ukitaka zidumu utumie nusu. Ya lithiamu una 5.4 na unatumia karibu zote. Umbali haupungui, unaweza hata kuzidi kidogo. Hakuna maji ya kuongeza, hakuna tindikali kwenye trei, na kwa joto la pwani, ambapo betri za maji huchoka mapema kuliko ilivyoandikwa kwenye kijitabu, hesabu huanza kuegemea huko kwa hoteli inayotumia kigari kila siku. Kwa anayekitumia Jumamosi, seti ya maji iliyotunzwa bado inamfaa.

Mambo yanayowatia hasara ni haya. Pakiti ina kilinzi chake cha ndani kinachokata umeme. Kama kimewekewa ampia 100 na kontrola yako inavuta 250, kila kilima kigari kitazima katikati. Taka inayostahimili ampia 200 mfululizo na zaidi kwa muda mfupi. Chaja ya zamani isitumike hata kwa usiku mmoja. Kwenye Club Car za volti 48 zenye kompyuta ya ndani inayoamrisha chaja, kompyuta hiyo lazima irukwe, la sivyo chaja mpya na kigari havitaelewana. Kipimo cha dashibodi nacho kitakuwa pambo, kwa sababu volti za lithiamu hubaki palepale hadi karibu na mwisho. Nunua pakiti moja ya 51.2, si nne za 12 zilizofungwa mfululizo. Hizo hupishana chaji na moja ikijikata, zote zimekatika.

Na kwa wanaoishi juu ya kilima: vigari vingi hupunguza mwendo kwa kurudisha umeme kwenye betri. Ukitoka nyumbani pakiti ikiwa imejaa pomoni na ukateremka moja kwa moja, hakuna pa kuurudisha, kilinzi kinaweza kukata, na ule uzito wa mota unaokupunguzia mwendo unapotea ghafla. Chaji hadi asilimia 90.

Kinakwenda kilomita 24 tu kwa saa. Naweza kukiongeza hadi 40?

Unaweza, kama breki za nyuma peke yake zinakutosha. Umbali wa kusimama kutoka 40 ni karibu mara tatu ya kutoka 24. Mota ya brashi inayozunguka kama mara 3,400 kwa dakika kwenye 24 itazunguka 5,700 kwenye 40, na mteremkoni zaidi, hadi sahani za shaba za komuteta, pale brashi zinapogusa, ziruke. Pia abiria wa kigari cha usukani wa kushoto hukaa kulia, bila mlango wala mkanda. Ukikata kona kali kushoto anatoka. Watoto hutoka wa kwanza. Kile kiti cha nyuma kinachotazama nyuma kina hatari yake hata bila mwendo: dereva akikanyaga ghafla, aliyekaa hapo anabaki hewani. Weka kishikio.

Nataka taa na redio. Fundi anachukua volti 12 kwenye betri mbili za mwisho.

Mzuie. Betri hizo mbili zitaisha kabla ya wenzake kila siku na zitakufa kabla yao. Nunua kibadilishi cha 48 kwenda 12 kinachovuta seti nzima.

Nitumie kigari mtaani kupeleka watoto shule?

Hapana. Kampuni ya bima itauliza usajili, nawe hautakuwa nao.

Paneli ya sola juu ya paa itachaji kila kitu?

Paa lina nafasi ya wati 350 hivi. Kwa jua zuri la saa tano, ukitoa upotevu, unapata uniti moja na robo. Kigari kilichofanya kazi kutwa kinataka uniti tano au sita za LUKU. Inasaidia kukiweka hai kikiwa kimeegeshwa juani, basi.

Tunafunga hoteli Aprili na Mei kwa ajili ya masika. Vigari vinne tuviacheje? (Diani)

Chaji vyote hadi vijae kwanza, kisha ndipo muongeze maji, kwa sababu maji hupanda wakati wa kuchaji na yakijazwa kabla yatamwagika na tindikali. Kama sahani zimeonekana juu ya maji, ongeza kidogo tu kabla, kiasi cha kuzifunika. Ni maji ya betri yasiyo na tindikali. Tindikali haiongezwi kamwe kwenye betri inayotumika, ingawa dukani watakuuzia ukiitaka. Safisha vichwa kwa magadi soda na maji, suuza, kausha, paka grisi. Geuza swichi ya chini ya kiti kwenye kuvuta (Tow) kabla ya kugusa waya wowote, halafu chomoa waya mkuu wa hasi. Swichi hiyo iwe hapo pia kila kigari kinapoburutwa. Kikiburutwa swichi ikiwa kwenye kuendesha (Run), mota inazalisha umeme na kontrola inaweza kuungua.

Msiviache hivyo miezi miwili. Kila wiki ya tatu au ya nne mlinzi avirudishie waya, achaji hadi mwisho, achomoe tena. Muoneshe kwa vitendo na umwandikie tarehe ukutani. Chumba kiwe na upenyo juu, betri zinazochajiwa hutoa haidrojeni, na mlinzi asivutie sigara humo. Kikikutwa kimeisha kabisa chaja haitawaka, kwa kuwa chaja nyingi hukataa kuanza zisipoona volti za kutosha. Hapo chajini betri moja moja kwa chaja ndogo hadi seti iamke, ndipo chaja kubwa iendelee.

Na kabla ya kuchaji mara ya kwanza mwezi Juni, inueni viti. Panya hupenda pale chini wakati wa mvua, na nyaya nyembamba za swichi ya kanyagio ndizo wanazoanza nazo.